Ni Mmea Uleule Tu

Mwalimu wangu wa biolojia, Citoyen Ilunga, amefariki akiwa mzee sana, na mimi niliyekwenda kumlilia nimerudi nyumbani na hasira ambayo haijanitoka hadi leo ninapoandika. Najua watu hawaandiki hivi kuhusu marehemu. Kwetu Kolwezi maiti husifiwa, hata yule aliyekuwa akimpiga mkewe na kuunywa mshahara wote, naye mwalimu hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mpole, msafi, na abacost yake ya kahawia, suti ya enzi zile isiyo na tai, aliivaa mpaka viwiko vikang'aa. Hapo ndipo penye taabu yangu. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya na hasira hii, ningeitema nikalala. Ili nieleweke sina budi kueleza mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa darasa la tano la sekondari, upande wa biolojia na kemia, wakati nchi ikiitwa Zaïre na sisi sote tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, majina yetu ya ubatizo yamebaki kanisani. Mambo ya baba alitoka wapi na mama alizaa wangapi nayaacha. Wazee wangu walikuja kwa ajili ya kazi ya mgodi kama wazee wa nusu ya mji, na hiyo si habari mpya.

Darasa letu lilikuwa chumba kirefu chenye bati juu, madirisha yake hayana vioo, na upepo ulipogeuka tulivuta moshi wa kiwanda hadi koo likawasha. Asubuhi moja mwalimu aliingia na kikapu cha mkewe. Akapanga mezani nyanya, bilinganya, pilipili, kiazi ulaya na jani la tumbaku, kila kitu pamoja na ua lake, akatuambia tugawe kwa makundi. Tuligawa kama watoto wa mama zetu. Nyanya na pilipili tuliziweka pamoja kwa kuwa ni za mchuzi, kiazi peke yake kwa kuwa kinashibisha, bilinganya tukaipeleka kwa mboga. Kazadi, kijana mrefu aliyekuwa kiongozi pale shuleni wa vijana wa Chama, kile kimoja kilichotawala nchi, alilichukua jani la tumbaku kwa vidole viwili akaliweka mbali kabisa. "Hii iko ya bazee," alisema, na sote tukacheka. Mwalimu alituacha tumalize, kisha akavirudisha vyote mahali pamoja. "Iko famille moja," alisema. Alitufundisha kwa Kifaransa kama sheria ilivyotaka, lakini jambo likiwa gumu alirudi kwenye lugha ya nyumbani. "Muangalie mauwa. Musiangalie nyungu. Nyungu haijue bandugu."

Akapitisha yale maua mkononi mwa kila mmoja. Kweli yalifanana, nyota ndogo yenye ncha tano, petali zimeshikana chini, na katikati vile vijiti vya chavua vimesimama pamoja. Sijui wenzangu waliona nini, mimi niliona mlango. Akaeleza kwamba wanabiolojia hawapangi viumbe kwa makazi wala kwa matumizi, wanawapanga kwa undugu. Popo anaruka lakini si ndege, ni jamaa wa mbwa na wa sisi wenyewe kwa kuwa ananyonyesha. Kutoka kundi kubwa wanashuka hadi dogo, ufalme, kisha matabaka yake, familia, jenasi, na mwisho spishi, ambayo ndiyo kiumbe mwenyewe na jina lake. Tulikariri ngazi hiyo kwa Kifaransa kwa sauti ya wimbo wa kupiga saluti, mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Jioni, kwenye bukari, ndio ugali wetu, na mboga ya lengalenga na samaki wa mchuzi, nilimwambia mama kwamba nyanya na tumbaku ni ndugu. Mama alikuwa akikata tonge. "Ah bon," akasema. "Kama iko bandugu, kesho baba yako avute tomati. Feza ya sigara itabakia mu nyumba." Baba akacheka chumbani hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Niliudhika, nikamla samaki wangu, na nadhani huo ndio mwanzo wa mimi kuwa mtu wa kuudhika.

Kila mwanafunzi alitakiwa kukusanya mimea, kuikausha ikiwa imebanwa kati ya karatasi, na kuipanga kwa familia zake kabla ya mwaka kwisha. Karatasi yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Karatasi nyeupe hatukuwa nayo, na gazeti lililofika kwetu lilikuwa moja tu, lile baba alilopewa kazini, ambalo mama alikuwa akifungia karanga. Nilimwomba, akanipa kwa kunung'unika. Nikalaza mimea yangu humo, nikaweka chini ya godoro, na juu yake nililala mimi na dada zangu wawili ili uzito utoshe. Chumba kilinuka majani mabichi. Usiku wa kwanza dada mdogo alisema analala kama mbuzi zizini. Kupitia pazia nilimsikia mama akimuuliza baba, "Sasa huyu mutoto, anasoma ao anapika dawa?" na baba akijibu kwamba Wazungu nao walianza hivyo hivyo, wakaishia kupata mgodi.

Upande wa pili wa reli, kwenye njia ya kwenda Mutshatsha, palikuwa na kilima tulichokiita Kipara kwa sababu miti ya msituni ilikizunguka pande zote lakini haikupanda juu yake. Udongo wake ulikuwa na shaba nyingi mno, na mawe yake yalikuwa ya kijani. Mimea michache tu ilikubali kuota pale. Mmoja wao ulikuwa na maua ya njano yenye umbo la kofia ya mtoto, na mtu yeyote wa Kolwezi angekuambia anaufahamu, maana chini msituni upo mmea mrefu wenye maua kama hayo, na maganda yake yakikauka watoto huyatikisa yakalia kama kayamba. Lakini ule wa Kipara haukufika hata gotini. Jani lake lilikuwa jembamba, tena halikuwa na manyoya kama lile la msituni. Niliuchuma, nikauchuma na wa msituni, nikaviweka mezani kwa mwalimu nikamwambia kwamba hizi ni spishi mbili.

Aliviangalia kwa kioo chake cha kukuzia, muda mrefu, wenzangu wakitoka kwenda nyumbani. "Iko ile ile, Ngalula," alisema. "Shaba iko sumu. Muti ikikomalia mu sumu, inabakia mufupi."

"Mais citoyen, angalia majani. Haina manyoya hata moja."

"Urefu, manyoya, majani, bulongo ya kule mulima inaweza kubadilisha ile yote. Mutoto akikosa chakula anabakia mufupi, lakini anabakia mutoto wa baba yake." Akanirudishia matawi yangu. "Ganda na mbegu, njo haibadilike bure. Uniletee ganda. Kama ganda iko ingine, mi nitakubali, na tutaandika ku bale ba université balete jina."

Sijui kama alijua alichonipa siku ile. Katika nyumba yetu hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nikiona kitu, na kikawa kweli nilivyokiona, watu wa mbali watakaa chini wakubali. Maua yalikuwa bado machanga. Nikawa nakwenda Kipara kila Jumapili baada ya misa, viatu vya kanisani mkononi, kuangalia kama ganda limetoka. Mama alidhani nina mvulana. Alimtuma dada mkubwa anifuate, naye akarudi kusema kwamba Ngalula anakaa peke yake juu ya mulima anaangalia manyasi, na mama akasema heri angekuwa na mvulana. Subira huvuta heri, walituambia. Nilisubiri kwelikweli. Maua yakaanguka, maganda yakaja madogo, ya mviringo, na nilipoyatikisa yakiwa yamekauka hayakutoa sauti yoyote. Nilipasua moja kwa kucha. La msituni hujaa mbegu ndogo ndogo, ndizo zinazolia. Hili lilikuwa na mbegu mbili tu, nene, zimebanana mpaka hazina nafasi ya kutikisika. Nilipiga kelele peke yangu kule juu kama kichaa. Nikachagua tawi zuri kuliko yote, lenye maua ya mwisho na maganda pamoja, nikalilaza kwenye gazeti, nikalala juu yake na dada zangu hadi likakauka.

Sasa ninafika mahali penye kero yenyewe. Kila asubuhi tulipanga mistari mbele ya bendera, tukaimba na kumchezea ngoma Kiongozi wa taifa, kisha viongozi wa vijana wakapita kukagua. Asubuhi niliyokuwa nikimpelekea mwalimu ganda nilishika furushi la magazeti yangu kifuani kama mtoto. Kazadi akauliza kuna nini. Nikamwambia ni mimea. Akafungua hapo hapo, mbele ya mistari yote. Magazeti ya wakati ule hayakuwa na ukurasa wa kwanza usio na sura ya Kiongozi, na tawi langu, ambalo nililiweka likiwa na umande na udongo wa kijani kwenye majani, lilikuwa limechora doa kuanzia kofia yake ya ngozi ya chui hadi kidevuni. Ganda moja lilikuwa limekaukia juu ya jicho. Mimi katika miezi yote ile nilitazama mimea. Sura sikuiona, naapa, kama vile mtu asivyoiona rangi ya ukuta wa nyumba yake.

"Citoyenne!" Kazadi alisema, na sauti yake ilipanda kwa sababu mistari ilikuwa inasikiliza. "Unatia manyasi ku macho ya Guide?"

Mwalimu Ilunga alitoka kwenye safu ya walimu. "Iko devoir ya biologie, kazi ya masomo," alisema.

"Citoyen, devoir ilikosa karatasi ingine?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba nchi nzima ilikosa karatasi nyingine, na jibu hilo lingekuwa baya kuliko doa. Mwalimu alitazama lile tawi, akamtazama mkuu wa shule, akarudi mahali pake. Furushi likachukuliwa kupelekwa ofisini kwa wakubwa wa Chama. Mimi nikafukuzwa hadi baba aje. Baba alikwenda mara kwa mara, amevaa vizuri, akakaa kwenye benchi, akarudishwa. Nyumbani nilikatazwa kutoka. Nilikaa jikoni na mama tukichagua mchele, na kila nilipofungua kinywa kuhusu Kipara alinikata. "Nyamaza. Juu ya manyasi baba yako atapoteza kazi." Alikuwa na haki ya kuogopa, najua sasa. Wakati ule nilimwona adui.

Nilikuwa bado nimefungiwa niliposikia milipuko. Milipuko kwetu si jambo, vyombo vya kabatini hutikisika na watu huendelea na mazungumzo. Lakini hii ilitoka upande wa reli. Baba alirudi jioni akasema kwamba wamefungua kazi mpya, kule Kipara, shaba iko karibu kabisa na juu. Aliisema kwa furaha, kwa sababu kazi mpya ni chakula. Niliacha bukari sahanini. Nilipopata ruhusa ya kurudi shule nilipitia kule kwanza, nikasimama kwenye kizuizi. Kilima kilikuwa nusu. Mashine za njano zilipanda na kushuka, na udongo mwekundu ulikuwa umefunika kila kitu mpaka ukingoni mwa msitu. Nilitafuta ule mmea pembeni, nikatafuta kwenye vilima vingine viwili siku zilizofuata, nikakuta ile mirefu tu inayolia kama kayamba. Furushi langu halikurudi. Nilipouliza ofisini kwa mkuu wa shule niliambiwa nishukuru.

Basi nikamwendea mwalimu. Alikuwa peke yake darasani akifuta ubao. Nikamwambia: ganda nilikuwa nalo, lina mbegu mbili, halilii, uliliona siku ile kwenye bendera, si uliliona? Hakugeuka. "Nilifikiria sana, Ngalula," alisema. "Iko muti ile ile tu. Usijisumbue tena." Nikamwuliza, na mbegu mbili? Akasema huenda niliokota ganda bovu, shaba inaharibu hata mbegu, jambo hilo hutokea. Alisema kwa upole wake ule ule. Na mimi nilimwamini, maana kama si yeye ningemwamini nani? Niliamini kwamba nilikuwa nimeona nilichotaka kuona. Mwaka uliofuata nilifaulu mtihani wa taifa, na walipouliza nataka kuendelea na nini, sikutaja biolojia. Nilijifunza kupiga taipu. Nimepiga taipu maisha yangu yote, barua za watu wengine, na sikuwahi kukosea, kwa kuwa nilisoma kila neno mara mbili nisiyaamini macho yangu.

Mwezi uliopita, mchana, niliketi kwenye mkeka katika sebule ya marehemu, pamoja na wanawake wengine, kumsubiri aletwe kutoka mochari. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Mjane wake, Mama Ngoie, alikuwa chini sakafuni, kitambaa kimefungwa kichwani, macho makavu kama ya mtu aliyekwisha kulia mbele ya wakati. Nilipompa pole na kutaja jina langu alinishika mkono akaniangalia.

"We njo Ngalula wa manyasi?"

Nikasema ndiye mimi.

"Bwana yangu alikuwa anakutaja. Unajua ile siku alikwendaka ku Kipara?"

Nikamwambia sijui, siku gani?

"Wakati balikufukuza ku masomo. Balikuwa banaanza kupasua mulima. Alikwenda siku ya Yenga, siku ya misa, akaomba mulinzi amuache apite kidogo tu. Alirudi bulongo mupaka ku magoti. Bukari alikataaka. Aliniwekea ganda ku meza, ya kuvunjika-vunjika, mashini ilipita yulu yake, akaniambia, Angalia, Ngoie, mbegu mbili. Ule mutoto alikuwa na haki. Iko muti ingine kabisa, na sasa imekwisha."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Nadhani niliuliza kwa sauti kubwa, kwa sababu mwanamke wa kando aligeuka.

"Mi pia nilimuuliza," alisema Mama Ngoie. "Akasema, nitamuambia nini? Alikuwa na haki na kila kitu imekwisha? Makaratasi yake balichukua, mulima banapasua. Vile vipande mashini iliacha, bale ba université habawezi kutia jina. Afazali ajue ni muti ile ile. Itamuuma kidogo tu." Akanipapasa mkono. "Alikuwa na roho muzuri, bwana yangu."

Roho nzuri. Nilikaa na maneno hayo na hasira ikanipanda. Mtu alinihurumia, akaninyang'anya macho yangu, akaenda zake kufundisha wengine. Chama kilichukua majani, mgodi ukachukua kilima, na vyote viwili havikunifahamu, havikuwa na deni kwangu. Yeye alinifahamu. Nilichotaka kwake si jina la Kilatini. Nilitaka aseme, uliona vizuri. Maneno mawili, hata darasani peke yetu, hata kwa kunong'ona, hata miaka baadaye tulipokutana sokoni akaniuliza habari za watoto. Tulikutana mara ngapi sokoni! Alikuwa akinunua tilapia, mimi nikinunua unga, tukaongea juu ya mvua.

Ndipo gari likafika. Wanawake wakasimama, jeneza likaingizwa na kuwekwa katikati, na kila mmoja akaanza kusema naye kama ilivyo desturi yetu, maana maiti wa kwetu haliliwi kimya, huambiwa mambo yake usoni. Mmoja alimwuliza amemwachia nani watoto. Mwingine alimkumbusha dawa alizokataa kunywa. Mimi nikapenya hadi mbele, nikashika ubao wa jeneza kwa mikono yote miwili, na kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Citoyen Ilunga! Ulionaka! Ulionaka na macho yako, ukanidanganya! Ulikwenda kwako, ukalala, mi ukaniacha mu giza! Juu ya nini? Nilikukosea nini? Ulikuwa unanipita ku soko, unaniuliza mambo ya mvua! Amuka! Amuka unijibu!"

"Amuka umujibu!" wakaitikia wanawake nyuma yangu. "Eeh, mama! Amuka, citoyen!" Mtu akaanzisha wimbo. Nilizidi kupiga kelele, nilimwita mwongo, nilipiga ubao kwa kiganja, na kadiri nilivyomshutumu ndivyo kilio kilivyopanda, hadi wanaume waliokuwa nje wakavua kofia. Mama Ngoie, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi, alilala kifudifudi akalia kwa kwikwi.

Mwishowe mikono ilinivuta nyuma, ikanikalisha kwenye mkeka. Mwanamke mmoja nisiyemjua, mkubwa kuliko mimi, aliniletea maji katika kikombe cha plastiki na kunifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Umemulilia muzuri, mama," alisema. "Batoto ba leo habajue tena kulia vile."

Nikamwambia sikuwa nikilia. Nikamwambia nilikuwa nikigombana naye, na nina hasira, na hasira yenyewe haijapungua hata kidogo.

"Njo vile, mama," alisema, akiendelea kunifuta. "Sisi bote njo vile tunaliaka."